Polisi wa Akiba: Mamlaka ya Kuazimwa



Pampu yetu ya kumwagilia nyanya iliibwa usiku, na mkutano uliofuata ulikuwa wa moto. Vijana walisimama wakasema: tuchague watu wetu sita, tuwape marungu na makoti, wawe polisi wa akiba wa kikundi. Makofi yakapigwa. Kabla katibu hajaandika neno, mzee mmoja aliinua mkono. Mzee huyu aliwahi kuwa polisi wa akiba mjini Kisumu katika miaka ya tisini. Aliyotuambia ndiyo yametufanya tuandike makala haya, kwa sababu tumeona vikundi vingi vinalitumia jina hilo bila kujua maana yake.

Je, polisi wa akiba ni nani? Kikosi chao kiliundwa mwaka 1948, enzi za ukoloni, ili kusaidia polisi wa kawaida. Wengi wetu tulikijua kwa herufi zake tu, KPR. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inawaita Polisi wa Akiba wa Taifa. Anayetaka kuingia lazima awe mkaaji wa Kenya, awe ametimiza miaka 18, awe na mwenendo mwema, na ajitolee mwenyewe. Akiwa kazini ana nguvu za polisi, na akikosea anajibu kama polisi. Shikeni hayo maneno "akiwa kazini". Mamlaka si yake, ameazimwa tu. Kikundi hakiwezi kumpa mtu mamlaka hayo, hata kikipiga kura mara tatu.

Mzee wetu mchana alikuwa akiuza dukani. Jioni alikwenda kituoni, akaandikwa kitabuni, akapangwa na askari wa kawaida kuzunguka kwa miguu: Kondele, stendi ya mabasi, soko la Kibuye. Hakutembea peke yake.

"Jaduong', walikuwa wanakulipa ngapi?" mama mmoja akauliza.

"Hata ndururu. Nauli ya kwenda kituoni nilitoa mfukoni."

Hapo watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Alisema shida yote ilianzia hapo. Mtu asiyelipwa, amevaa nguo za serikali, ana njaa saa nane za usiku. Mwenye kibanda anampa chai bure, naye anashukuru. Wiki ya pili anaingoja hiyo chai. Wiki ya tatu mwenye kibanda anamwomba apite kwa jirani fulani anayedaiwa, asimame tu mlangoni, asiseme kitu. Mzee alikiri kwamba aliwahi kusimama mlango mmoja namna hiyo. Mdaiwa alikuwa mama mjane, naye alilipa deni huku anatetemeka. "Sikumgusa," akasema, "lakini alilipa kwa sababu ya kofia yangu." Baada ya miezi michache aliirudisha kofia hiyo.

Sisi tunaona mzee alisema jambo ambalo serikali yenyewe ilijifunza kwa gharama. Nairobi palikuwa na Patrick Shaw, aliyefanya kazi shule ya Starehe mchana, na usiku akawinda majambazi kama polisi wa akiba, mpaka alipofariki mwaka 1988. Wako waliomsifu mpaka leo. Wako pia wanaouliza ni washukiwa wangapi walikufa bila kumwona hakimu. Mwaka 2004 polisi wa akiba wa mijini walivunjwa kwa sababu ya malalamiko ya utovu wa nidhamu. Mwaka 2019 serikali ilikusanya bunduki za polisi wa akiba katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, ikisema wachunguzwe na wafunzwe upya. Wenye mifugo walilia kwamba wameachwa mikono mitupu mbele ya wezi wa ng'ombe, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Baadaye wengine waliandikwa tena, safari hii kwa posho.

Uingereza nako wako polisi wa kujitolea, tangu sheria ya mwaka 1831. Hawalipwi mshahara, lakini wanafunzwa, wanavaa sare na wana nguvu za polisi kamili. Hutakiwa kutoa angalau saa 16 kwa mwezi, basi. Mtu wa saa 16 ana kazi nyingine ya kumlisha. Huyu wetu wa kila usiku analishwa na nani?

Sasa kikundi kifanye nini? Kulinda mali yenu si kosa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, vifungu vya 34 na 35, inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa kama wizi. Lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hakuna ruhusa ya kumpiga, kumfungia ghalani au kumtoza faini. Polisi nao, kwa katiba, wana saa 24 kumfikisha mahakamani, isipokuwa muda huo ukiishia siku isiyo ya korti. Na kama ni askari aliyekosea, iko IPOA inayopokea malalamiko, ina ofisi Kisumu.

Tuliamua hivi: walinzi wanne kwa zamu, wawiliwawili, tochi na filimbi, bila rungu. Chai na uji hutoka katika mfuko wa kikundi, na mweka hazina huandika. Vijana walinung'unika kuhusu marungu.

Wiki ya tatu filimbi ililia. Kijana alikamatwa na pampu ambayo kikundi jirani kilikuwa kimetuazima. Watu walifika na mawe. Walinzi walimkalisha chini katikati yao, wakampigia chifu simu, na mzee akasimama mbele mpaka gari la polisi likafika karibu na alfajiri. Tulipewa namba ya OB. Pampu ilichukuliwa kama ushahidi, na bado iko kituoni. Tumeambiwa tuombe mahakama iruhusu ipigwe picha kisha turudishiwe, na barua tumeandika. Kwa sasa tunamwagilia kwa ndoo, na kikundi jirani kinaulizia pampu yao kila Jumapili.