NGWE MOJA, UJIRA MMOJA

Je, umepata kulima kibarua? Kama umelima, unaijua ngwe. Mwenye shamba huipima kwa kamba au kwa hatua. Ukimaliza ngwe yako, unalipwa. Jembe halijui kama anayelishika ni mwanamume au mwanamke.

Mwenye shamba anajua. Hata mimi nilijua. Miaka kadhaa iliyopita niliweka vibarua wanane wapalilie mahindi yangu. Wanaume niliwapa shilingi 5,000 kwa ngwe. Wanawake niliwapa shilingi 4,000. Ngwe zote zilikuwa sawa, maana nilizipima mwenyewe kwa kamba moja. Mama mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, hiyo elfu moja yangu imeliwa na nyani?" Wenzake wakacheka. Nikasema hiyo ndiyo bei ya kijiji. Ilikuwa bei ya kijiji kweli, lakini haikuwa haki. Jioni ile nikawaongezea.

Katiba yetu, Ibara ya 23, inasema kila mtu apate ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba huo ni wa mwaka 1951. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ya Tanzania Bara. Kifungu cha 7 kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi zenye thamani sawa.

Soma tena maneno hayo: thamani sawa. Hayasemi kazi ile ile tu. Katika mashamba mengi wanaume hupewa kupiga dawa, na wanawake hupewa kuchambua maharage. Halafu kazi ya wanawake huitwa nyepesi, na ujira hupungua. Je, kuinama tangu asubuhi hadi jioni ni kazi nyepesi? Uulize mgongo wake.

Sheria hiyo inakataza pia kumbagua mwanamke kwa sababu ya mimba. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo. Akizaa mapacha ni siku 100.

Sasa wewe unajua kusoma. Ukiajiriwa siku 6 au zaidi kwa mwezi kwa mwajiri mmoja, anatakiwa akupe masharti ya kazi kwa maandishi, pamoja na ujira wako. Usipoyaelewa, ni wajibu wake kuhakikisha unaelezwa. Usitie dole gumba kabla hujasoma.

Ukipunjwa, zungumza kwanza na mwajiri. Akikataa, mwone afisa kazi, au peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikawie. Shauri la ujira lifike huko ndani ya siku 60. Kama umefukuzwa kazi, ni siku 30 tu.

Kila siku andika tarehe, ngwe ulizolima na fedha ulizopokea. Daftari la shule linatosha.