Chembe mbili za umri mfupi zinazosaidia kuifichua saratani

MGONJWA wa saratani anayeabiri matatu mjini Tala, Kaunti ya Machakos, kwenda Nairobi kufanyiwa uchunguzi wa PET, huenda asijue kwamba siku hiyo mwilini mwake zitazaliwa atomu zisizopatikana katika chakula, maji wala udongo.

Uchunguzi huo hufanywa katika hospitali chache nchini, zikiwemo Aga Khan na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa hudungwa sukari iliyounganishwa na florini-18 yenye mnururisho, ambayo nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110. Kwa sababu hiyo, anayechelewa njiani anaweza kuikuta dawa imedhoofika. Aghalabu uvimbe wa saratani hula sukari kwa pupa, na dawa hujikusanya humo.

Florini hiyo hutoa positroni, ambayo ni pacha wa elektroni: uzito wao ni sawa, chaji zao ni kinyume. Ilibashiriwa kutokana na mlinganyo ulioandikwa na Mwingereza Paul Dirac mwaka wa 1928, na Mmarekani Carl Anderson akaiona mwaka wa 1932. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili huangamia na kugeuka miale ya gama. Mashine huinasa miale hiyo na kuchora picha.

Hata hivyo, takriban mara nne kati ya 10, pacha hao hushikana kwanza kabla ya kuangamia, wakawa atomu iitwayo positroniamu. Martin Deutsch aliigundua nchini Marekani mwaka wa 1951.

Atomu hii imewatoa jasho wanafizikia. Katika haidrojeni, protoni ina uzito wa takriban elektroni 1,836, hivyo elektroni huizunguka mithili ya mbuzi aliyefungwa kambani kwenye kigingi. Mlinganyo wa Dirac unatosha hapo, kwani unaeleza chembe moja. Positroniamu haina kigingi. Ni kama watoto wawili walioshikana mikono wakizunguka uwanjani, kila mmoja akimvuta mwenzake.

Isitoshe, nadharia ya uhusianifu ya Einstein inasema kwamba hakuna saa moja inayotawala chembe zote, wala mvuto haufiki papo hapo. Mwaka huo huo wa 1951, Hans Bethe na Edwin Salpeter walitoa mlinganyo unaozingatia chembe zote mbili, kila moja na wakati wake. Kwa kuwa ni mgumu mno kutatuliwa kikamilifu, wataalamu hukadiria jibu hatua kwa hatua.

Makadirio hayo yanaonyesha kwamba, mahali pasipo na hewa, positroniamu ya aina inayodumu zaidi huishi nanosekunde 142, yaani sehemu 142 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Vipimo vya awali vya Chuo Kikuu cha Michigan vilitofautiana kidogo na hesabu hiyo, na wengine wakaanza kuitilia shaka nadharia yenyewe. Majaribio bora zaidi ya mwaka wa 2003 yaliithibitisha.

Ndani ya mwili, umri huo hushuka hadi karibu nanosekunde mbili, kutegemea nafasi zilizo baina ya molekuli na kiasi cha oksijeni. Jambo hili ni muhimu kwa sababu uvimbe uliopungukiwa na oksijeni hustahimili zaidi tiba ya mionzi. Mwaka wa 2024, watafiti wakiongozwa na Paweł Moskal wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian, Poland, walichapisha picha ya kwanza ya umri wa positroniamu katika ubongo wa mtu aliye hai.

Mbinu hiyo ingali ya utafiti, haijawa huduma ya kawaida hospitalini. Ikifaulu, sindano moja itamweleza daktari mahali uvimbe ulipo, na pia iwapo mionzi inaweza kuushinda. Mgonjwa aliyetoka Tala atakuwa ameepushwa na tiba isiyomfaa.