Jiwe la Nyoka Halitakushusha Got Ramogi

Kila likizo inapokaribia, viongozi wa vikundi vya wapanda milima hapa Kisumu huniuliza swali lilelile: jiwe la nyoka linapatikana wapi? Hawaulizi ni hospitali ipi karibu na kilima yenye dawa ya kuzima sumu. Hawaulizi nani abaki chini na gari. Wanataka jiwe la kutia mfukoni, lile linalosemekana kufyonza sumu likibandikwa kwenye jeraha, kisha waingie msituni wakiwa na amani. Nimechoka kulijibu swali hilo kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu mara moja kwa wote: usilitafute, usilinunue, na kama unalo, liache nyumbani.

Nachukua mfano wa Got Ramogi kwa sababu ndiko wengi wanakoelekea. Kilima hicho kiko Yimbo, kaunti ya Siaya. Masimulizi ya Waluo yanasema kwamba Ramogi Ajwang' na watu wake walitua hapo walipoingia Kenya, na heshima hiyo imesaidia kuulinda msitu wake. Unapanda chini ya miti, unafuata mgongo wa kilima, unasimama penye uwazi kutazama Ziwa Victoria, kinamasi cha Yala na ziwa dogo la Sare, kisha unateremka. Ni matembezi mazuri, nami nawahimiza watu wayafanye. Lakini kilima hicho kinasifika pia kwa miti shamba, na hapo ndipo imani ya jiwe inapopata nguvu. Watu husema kwamba mahali penye dawa nyingi kiasi hicho hapawezi kukosa dawa ya nyoka. Sibezi ujuzi wa wazee wa Yimbo juu ya mimea. Nasema tu kwamba hakuna jani wala jiwe lililothibitika kuizima sumu ya nyoka ikishaingia mwilini.

Jiwe lenyewe si jiwe. Ni kipande cha mfupa, aghalabu wa ng'ombe, kilichokatwa, kikasuguliwa hadi kikawa laini, kisha kikachomwa hadi kikageuka mkaa. Mfupa uliochomwa hivyo una vitundu vidogo mno ambavyo hufyonza majimaji, na ufyonzaji huo ndio unaolifanya lishike kwenye jeraha. Libandike juu ya ulimi wako, litang'ang'ania vilevile, ingawa ulimini hamna sumu yoyote. Likijaa, hudondoka. Muuzaji atakwambia limedondoka kwa sababu limeimaliza sumu. Limedondoka kwa sababu limejaa damu na maji ya jeraha, basi.

Sumu haikai juu ya ngozi kusubiri kufyonzwa. Meno ya sumu ya kifutu mkubwa hupita sentimita moja kwa urefu. Hupenya ngozi na kuimwaga sumu ndani ya nyama, na kutoka hapo mishipa ya limfu na ya damu huichukua. Sukari iliyokwisha kukorogwa ndani ya chai huitoi kwa kubandika kitu kwenye ukingo wa kikombe. Na kama hoja hiyo haikutoshi, jambo hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 2007 jarida la kisayansi la Cahiers Santé lilichapisha majaribio ya jiwe hili, liitwalo pia jiwe jeusi, kwa panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, wakiwemo kifutu na swila mtema mate mwenye shingo nyeusi. Wote wawili tunao huku kwetu. Jiwe halikuwasaidia panya hao.

Hapo ndipo ninapoambiwa, "Lakini daktari, nilimwona mtu akipona kwa macho yangu." Naamini ulimwona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati yao wanaodhurika na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Maana yake ni kwamba angalau nusu ya wanaoumwa hawadhuriki na sumu hata wasipotibiwa kwa chochote. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu. Chatu, kama yule Omieri aliyeheshimiwa Nyakach, hana sumu kabisa. Hata wenye sumu kali huuma wakati mwingine bila kuimwaga. Watu wote hao wakibandikwa jiwe watatoka wakilisifu. Wangepewa kikombe cha maji wangepona vilevile, na maji ndiyo yangepata sifa.

Walioumwa na nyoka aliyemwaga sumu, wakabandikwa jiwe wakafa, hawarudi sokoni kutoa ushuhuda. Nao wafiwa hupewa sababu: jiwe liliwekwa kwa kuchelewa, jiwe halikuwa halisi, mgonjwa alikunywa maji kabla ya wakati. Dawa ambayo kila anayepona huhesabiwa kuwa ushindi wake, na kila anayekufa huhesabiwa kuwa kosa lake mwenyewe, haiwezi kamwe kuonekana imeshindwa. Msomaji anayejua kusoma na kuhesabu asikubali kudanganywa kwa hesabu ya namna hiyo.

Hoja ya mwisho ya watetezi wa jiwe ndiyo mbaya kuliko zote: "Halina madhara, tuliweke tu huku tukisubiri." Lina madhara. Ili lishike linahitaji damu, kwa hiyo watu huchanja pale nyoka alipouma. Sumu ya kifutu huharibu nyama na inaweza kuvuruga uwezo wa damu kuganda. Ukimchanja mtu wa namna hiyo, umemfungulia mlango wa kuvuja damu na wa maambukizi. Kubwa zaidi, jiwe hula muda. Masharti yake yanataka liachwe hadi lidondoke lenyewe, na wakati huo wote hakuna anayepiga simu wala kuwasha gari, kwa kuwa kila mtu anaona tiba inaendelea.

Tazama kinachotokea mtu akiumwa na koboko. Kope zinalegea. Kumeza kunakuwa kugumu. Maneno yanakwama mdomoni. Kisha misuli ya kifua inapooza na pumzi inakatika. Hayo yote yanaweza kutimia ndani ya saa chache, pengine mapema zaidi, na kidonda chenyewe kinaweza kuonekana kidogo tu. Ndugu wanamwona mgonjwa ametulia, macho yamefumba, jiwe limeshika vizuri mguuni, wanasema amepata nafuu amelala. Hajalala. Anashindwa kufungua macho, na anachohitaji wakati huo ni kupumuliwa kwa mashine.

Tiba ipo na si ngeni. Tangu miaka ya 1890 antivenomu imetengenezwa kwa kumdunga mnyama, hasa farasi, sumu kidogo kidogo, kisha kuvuna kingamwili kutoka kwenye damu yake. Hutiwa kwenye mshipa, ikaifuata sumu kulekule ilikokwenda. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha mtu mzima, kwa maana nyoka hakumpunguzia sumu kwa sababu ni mdogo. Antivenomu huweza kusababisha mzio mkali, ndiyo sababu hutolewa hospitalini, wala si kitu cha kubeba kwenye mkoba. Haifanyi kazi kwa kila nyoka, na haipatikani katika kila hospitali. Uhaba huo ni aibu ya kweli. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likatangaza lengo la kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030. Vifo hukadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi wa wanaokufa si wapanda milima wenye viatu vizuri. Ni wakulima, wachungaji na watoto wanaotembea pekupeku. Kwa hiyo msiiogope njia ya msituni kupita kiasi, ila jiandaeni kama watu wazima.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya safari, pigeni simu hospitali za Bondo na Siaya, na ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia. Ulizeni nani ana antivenomu wiki hiyo. Tembeleeni Jumba la Makumbusho la Kisumu mwaone nyoka hawa nyuma ya kioo. Tembeeni na mwenyeji. Vaeni viatu vinavyofunika vifundo vya miguu na suruali ndefu. Kifutu hakimbii, hulala kimya njiani akitegemea rangi yake, huuma akikanyagwa. Tazama unapokanyaga, na usiruke gogo kabla hujaona upande wa pili. Penye majabali ya kutazamia ziwa, usitie mkono kwenye ufa wala usikae kabla ya kukagua. Anzeni asubuhi, mteremke kabla ya ngurumo za alasiri kutoka ziwani na kabla ya giza. Gari libaki na dereva, simu iwe na chaji.

Mtu akiumwa, ondokeni hapo na msimfukuze nyoka. Picha ya mbali inatosha, na ikikosekana si neno. Mvue mgonjwa pete, saa na viatu kabla hajavimba. Kifunge kiungo kwenye kijiti kwa leso ili kisitikisike, bila kukaza. Msifunge kamba ya kuzuia damu, msichanje, msinyonye, msipake mafuta ya taa, msimpe pombe. Kwa maumivu mpeni paracetamol, kamwe si aspirini, ibuprofen wala diclofenac. Asitembee: abebwe. Akilegea au akitapika, mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Pikipiki ikiwa ndiyo iliyopo, akae katikati, mtu wa nyuma amshike. Andikeni saa aliyoumwa. Swila akimtemea mtu machoni, msuuzeni kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Pigeni simu mkiwa njiani ili wajiandae.

Kwenu viongozi wa vikundi nina ombi moja. Fedha mliyotenga kwa ajili ya jiwe, iongezeni kwenye mafuta ya gari. Na kama hamjui ni hospitali ipi yenye antivenomu siku hiyo, ahirisheni safari hadi mjue.