Utalii na Ajira Iliyofichika Kisii
Ingawa Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, hutegemea chai, kahawa na ndizi kuliko wageni, kaunti hiyohiyo ya Kisii ina Tabaka, ambako familia nyingi huchonga jiwe laini la sabuni, na vinyago vyake huuzwa kwa watalii Nairobi na Mombasa. Wageni waliofika Kenya walipopungua kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya 600,000 mwaka 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, soko hilo nalo lilidorora. Takwimu za ajira, hata hivyo, huficha mengi: mchongaji anayerudi shambani hahesabiwi kuwa hana kazi, bali huingia katika ajira pungufu, yaani kazi ya saa chache au kipato kisichotosha, ilhali shamba lenyewe, lililokwisha kugawanywa kwa warithi, ni dogo mno.