Confucius na Machozi ya Mfiwa

Husemwa mara nyingi kwamba Confucius (551–479 K.K.) alimtaka mfiwa ajikaze. Si kweli. Alipofariki Yan Hui, mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, mwalimu alilia mpaka waliokuwa naye wakasema amepita kiasi. Kwake hakuna aliyestahili zaidi kuliliwa hivyo. Lakini baba wa marehemu alipoomba gari la farasi la mwalimu ili apate kasha la nje la jeneza, alikataliwa. Hata mtoto wa Confucius alizikwa bila kasha hilo.

Waweza kumwona mkavu. Mimi naona machozi ni ya moyo, lakini mazishi yana utaratibu, ambao Wachina huuita li. Kwa mzazi, li ilidai maombolezo ya miaka mitatu: nguo za katani, chakula duni, bila muziki. Mwanafunzi Zai Wo alidai mwaka mmoja watosha. Mwalimu hakumlazimisha, kama moyo wake ungetulia, basi afanye hivyo. Alipotoka ndipo mwalimu akasikitika kwamba hana ren (neno letu “utu” linalikaribia), maana kila mtoto hukaa miaka mitatu mikononi mwa wazazi.

Mwaka 1715 Papa Klementi XI aliwakataza Wakatoliki wa China ibada za kuwaheshimu wazee wao waliofariki. Aliyetii alionekana kwa ndugu zake kama mtoto asiye na ren. Ni mwaka 1939 tu Roma ilipokubali kwamba kuinama mbele ya marehemu, au picha yake, ni heshima ya kawaida.