Olivenaiti: kijani chenye aseniki ndani yake

Jiwe la kijani likichimbuliwa, wengi wetu jibu tunalo tayari: malakaiti, yaani shaba iliyokutana na maji na hewa ya ukaa. Katika migodi ya Katanga jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Lakini pale ambapo mbale ya shaba ilikuwa na aseniki tangu mwanzo, kijani kinachotokea ni cha ukoo mwingine, ukoo wa aseneti za shaba. Mojawapo, na kwangu ndiyo inayofaa kujulikana kwanza, ni olivenaiti.

Ni jiwe zito: ujazo wake una uzito wa mara nne na zaidi ya ujazo uleule wa maji. Hata hivyo ni laini, kisu cha kawaida hulikwaruza. Rangi yake huelekea zeituni, na pengine huzidi kukolea hadi ikakaribia weusi, au hufifia ikawa ya manjano au kahawia. Fuwele zake huwa vijiti vifupi vinavyong'aa, ama nyuzi nyembamba zilizosongamana zenye mng'ao wa hariri. Aina hiyo ya nyuzi, yenye mistari ya rangi tofauti mithili ya ubao uliopasuliwa, ilipatikana kwa wingi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Huko Cornwall, kwenye migodi ya Gwennap, ndiko ilikoanza kujulikana kwa wanasayansi. Mwaka 1801 mtaalamu wa madini Bournon alieleza maumbo ya fuwele za aseneti za shaba za huko, na mkemia Chenevix akaeleza kemia yake, wote wawili katika jarida la Royal Society ya London. Jina la olivenaiti lilitolewa na mtaalamu wa madini Robert Jameson mwaka 1820, kwa sababu ya rangi hiyo ya zeituni.

Olivenaiti haitoki moja kwa moja kwenye vimiminika vya moto vya chini ya ardhi. Vimiminika hivyo huacha mbale ya kwanza, kama vile tenantaiti na enargaiti, ambamo shaba, aseniki na salfa vimefungamana. Baadaye sana maji ya mvua yenye oksijeni hupenya kwenye nyufa. Salfa hugeuka kuwa asidi, shaba huyeyuka, na aseniki hujishikiza kwenye oksijeni na kuwa aseneti. Vyote husafiri ndani ya maji mpaka pale asidi inapopungua nguvu, hapo vikagandamana kuwa jiwe jipya. Kalsiamu ikiwa nyingi, hutokea konikalsaiti, yenye kijani cha majani machanga. Risasi ikiwepo, hutokea duftaiti. Zinki ikichukua nafasi ya shaba kidogo kidogo, jiwe huelekea kuwa adamaiti. Kwa hiyo mtaalamu anayetambua ni kijani kipi anajua pia maji yale yalibeba nini kingine.

Sijui mahali panapoonyesha kazi hiyo ya maji vizuri kuliko Tsumeb, kaskazini mwa Namibia. Kabla Wajerumani hawajaanzisha mgodi mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20, Waovambo walikuwa tayari wakifanya biashara ya shaba ya kilima cha huko, ambacho kileleni kilikuwa cha kijani. Kwa kawaida maji yenye oksijeni hayafiki mbali. Ukishuka makumi ya mita unaiona mbale ya kwanza haijaguswa. Tsumeb nayo, chini ya ukanda wa kwanza wa kijani, mbale ilikuwa haijaguswa. Kisha, kwenye kina cha karibu mita 800, wachimbaji wakakuta tena mawe ya kijani na buluu, na chini zaidi ukanda wa tatu. Maji yalikuwa yamefuata mwamba uliovunjika-vunjika hadi huko. Mgodi ulifungwa mwaka 1996, ukiwa umetoa aina za madini zipatazo 300, duftaiti ikiwa mojawapo ya zile zilizotambuliwa huko kwa mara ya kwanza duniani. Olivenaiti ya Tsumeb imo katika makumbusho mengi.

Sasa uzito wa jambo lenyewe. Katika kila gramu 100 za olivenaiti safi, takriban gramu 45 ni shaba na gramu 26 ni aseniki. Shaba na aseniki ndizo zinazotiwa, pamoja na kromi, kwenye nguzo za umeme zenye rangi ya kijani tunazoziona barabarani, ili kuua kuvu na mchwa. Sumu hiyo haichagui mdudu na mtu.

Kuitofautisha na malakaiti si kazi: tone la asidi hafifu hufanya malakaiti itoe mapovu, olivenaiti huyeyuka bila povu. Vitabu vya zamani vilifundisha njia nyingine, kuchoma jiwe juu ya mkaa na kunusa kama linatoa harufu ya kitunguu saumu. Harufu hiyo ni aseniki ikiingia mapafuni. Walimu, wachimbaji wadogo na wakusanyaji wa mawe, nawasihi: jiwe la kijani msilolijua msilichome, msilisage kavu, na mkishalishika naweni mikono kabla ya kula.