Ruzuku ya Miti Hulipwa Lini?

Mwenye shamba lililobaki visiki akisikia kuna ruzuku ya kupanda upya, huuliza kwanza ni shilingi ngapi kwa hektari. Sisi wa misitu tumezoea kuuliza jambo jingine: italipwa lini? Tarehe ya malipo ndiyo huamua kama baada ya miaka mitano mtakuta msitu pale, au nyasi zilizomeza miche.

Uganda ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa ruzuku kwa wapandaji binafsi wa miti ya mbao, maarufu kwa kifupi chake, SPGS, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Norway. Baadaye awamu yake ya tatu ilisimamiwa na FAO. Mpandaji alitia saini mkataba, akasafisha shamba, akanunua miche, akapanda na kupalilia, vyote kwa fedha yake. Ndipo mkaguzi alipokuja. Alipima nafasi kati ya mti na mti (kwa mita 3 kwa 3, hektari moja hubeba miche 1,111), akahesabu iliyopona, akatazama magugu. Shamba likifikia kiwango, mpandaji alirudishiwa sehemu ya gharama. Lisipofikia, hakupata kitu.

Hapo kwenye magugu wengi huona ni ukali wa bure. Nimesikia zaidi ya mara moja mzee akilalamika: "Mimi nimepanda miti, wao wanakagua majani!" Lakini mche wa msindano wenye miezi minne mizizi yake bado ni mifupi, inakunywa tabaka lile lile la udongo ambalo nyasi zinakunywa. Mvua zikiwa nzuri, vyote viwili vinapata. Mvua zikikatika wiki tatu, nyasi zinashinda. Watu wakisikia "kuhimili mabadiliko ya tabianchi" hufikiria mbegu za maabara na mitambo ya kupimia hewa, ilhali kwa mti mchanga kuhimili ukame huanzia kwenye jembe la palizi. Mradi unaolipa siku ya kupanda haununui palizi hata moja.

Mbegu nazo zina hesabu yake. Mpango wa Uganda ulitaka miche itoke kwenye vitalu vilivyothibitishwa, na mbegu bora za msindano wa Karibea ziliagizwa kutoka Australia na Brazil. Msindano huo huvumilia joto la nyanda za chini. Ndugu yake, patula, tuliyemzoea Njombe na Mufindi, hupenda ubaridi wa milimani. Ukimshusha kwenye joto na udongo mkavu atadumaa, kisha wadudu watamaliza kazi. Tatizo ni kwamba miche ya patula na ya Karibea ikiwa kwenye viriba, mnunuzi wa kawaida haoni tofauti, na aliyeokota mbegu chini ya miti ya barabarani anauza kwa nusu bei. Anayepanda leo atavuna baada ya miaka ishirini hivi, katika hali ya hewa ambayo hakuna aliyewahi kulima ndani yake. Kuokoa senti kwenye mche ni kamari ya ajabu.

Hata mbegu bora ikipandwa peke yake kila mahali ina hatari. Saipresi ilikuwa fahari ya mashamba ya misitu Afrika Mashariki mpaka miaka ya 1980 na 1990, walipoingia vidukari wanaofyonza utomvu wake wakakausha miti toka Malawi hadi Kenya. Miaka ya 2000 ikawa zamu ya mikaratusi: kijinyigu kidogo kisichoonekana kwa urahisi kilianza kutaga kwenye mishipa ya majani machanga, na baadhi ya aina zikavimba na kudumaa huku nyingine zikistahimili. Ujerumani wamelipa gharama hiyo kwa kiwango kikubwa. Ukame wa 2018 hadi 2020 uliidhoofisha miti ya sprusi, iliyopandwa kwa wingi baada ya vita, na mende wanaochimba chini ya gome wakaikausha milima mizima ya Harz. Mwishoni mwa 2022 serikali yao ilianza kuwalipa wenye misitu hadi euro 100 kwa hektari kila mwaka, kwa miaka 10 au 20, ili wachanganye aina, waache miche iote yenyewe chini ya miti mikubwa na wabakishe baadhi ya miti iliyokufa isimame. Kule fedha inafuata utunzaji mwaka hadi mwaka.

Sasa upande wa pili. Kulipwa baada ya kazi kunamfaa mwenye akiba. Wapandaji wa ruzuku hiyo ya Uganda walitakiwa kuanzia hektari 25. Mwalimu mstaafu mwenye ekari tatu hakuwa na mlango hapo, ingawa vikundi vya wanavijiji vilisaidiwa kwa miche. Kwetu Tanzania, mpango wa misitu binafsi ulioanza 2014 kwa ushirikiano na Finland ulipitia vyama vya wakulima wa miti vijijini, huko Nyanda za Juu Kusini. Nauona ni uamuzi wa busara, hasa kwa sababu ya moto. Huwezi kulima njia ya moto kuzunguka ekari mbili zako ukamwacha jirani na nyasi kavu mpakani. Kama ningepewa kalamu, ningegawa malipo: kidogo wakati wa kuandaa shamba, sehemu kubwa baada ya kiangazi cha kwanza na cha pili, na fungu la chama kizima kama njia za moto zimefyekwa.

Na ningeweka kifungu kimoja ambacho wahasibu hawatakipenda: mvua zikichelewa, upandaji uahirishwe bila adhabu. Mwaka wa fedha unafungwa Juni, mvua hazina taarifa hiyo. Miche mingi imefukiwa kwenye udongo mkavu ili tu risiti zitimie.

Miti ya kwanza ya mpango ule wa Uganda imeshafikia umri wa kukatwa, na hapa ndipo wakulima wa huku nao watafika. Msindano ukikatwa umekwisha. Mwenye shamba lazima anunue miche upya, au apande mahindi. Mkaratusi huchipua kwenye kisiki, bure kabisa, na kila mtu huufurahia. Ila chipukizi lile ni mti ule ule: kama wa kwanza ulikuwa wa aina inayoshambuliwa na kijinyigu, wa pili nao utashambuliwa. Kung'oa kisiki na kupanda aina nyingine kunagharimu, wakati kukiacha kichipue hakugharimu chochote, na ruzuku nyingi nilizozisoma zinalipia kupanda tu, kung'oa hakumo.